Mwanachuoni Mbele ya Umma

Elimu ni mali isiyopungua kwa kugawanywa, na kwa hiyo mwenye nayo hana sababu ya kuifanyia choyo. Hata hivyo haitoki mikononi mwake kwa wepesi, maana aghalabu imefungwa ndani ya maneno ambayo wataalamu wenziwe tu ndio wanaoyafahamu. Mtu aliyetumia miaka mingi kuchunguza maradhi ya mihogo, au habari za misafara ya kwenda bara, au mwendo wa nyota, mara nyingi hujikuta akiandika kwa ajili ya wasomaji wachache waliotawanyika duniani. Mkulima ambaye shamba lake limeharibika, mjukuu wa mpagazi aliyechukua mzigo katika msafara ule, na nahodha ambaye babu yake aliongozwa na nyota zile, wote hawana habari kwamba yuko mtu aliyekesha akichunguza mambo yanayowahusu.

Ndiyo sababu vyuo vikuu vikawa na desturi ya mihadhara ya hadhara. Katika vyuo vingi profesa mpya hutakiwa asimame mbele ya wenziwe na wenyeji wa mji aeleze kazi yake. Na mara kwa mara wachunguzi wa fani mbalimbali, wa sanaa na wa sayansi, huitwa wazungumze na mtu yeyote apendaye kuja. Siku hiyo mlango wa chuo huwa wazi, wala hapaulizwi cheti. Mwenye duka hukaa karibu na daktari, na mwanafunzi wa sekondari hukaa nyuma ya mwalimu wake. Desturi hii imefika kwetu pia, na ni desturi njema.

Lakini jambo jema nalo lahitaji kuhakikiwa. Sisi huhakiki mashairi, tamthilia na riwaya, ila mihadhara hatuihakiki. Tukitoka ukumbini twasema tu kwamba mzee yule alizungumza vizuri, au kwamba alituchosha. Huo ni upungufu mkubwa. Mhadhara una mpango, lugha na mifano kama kazi yoyote ya fasihi, tena una madaraka zaidi. Msomaji wa riwaya anajua kwamba ayasomayo yamebuniwa. Msikilizaji wa mwanachuoni huenda nyumbani akiamini kwamba amepewa ukweli, na kesho huyarudia maneno yale mbele ya watoto wake.

Kipimo nitakachokitumia katika insha hii ni kimoja. Sitauliza kama msemaji alikuwa na sauti nzuri, wala kama aliwachekesha watu. Nitauliza hivi: je, msikilizaji aliachiwa njia ya kuupima mwenyewe ukweli wa mambo aliyoambiwa, au alitakiwa aamini kwa sababu msemaji amevaa joho? Kwa kipimo hicho nitaitazama mihadhara ya watu watatu: mmoja alizungumza juu ya sayansi, wa pili alisimama kati ya sayansi na fasihi, na wa tatu alizungumza juu ya siasa na historia ya bara letu. Maneno yao yote yalipigwa chapa baadaye, basi msomaji ana nafasi ya kuyatafuta na kunipinga.

Wa kwanza ni Michael Faraday, na mihadhara yake ni sita juu ya mshumaa. Faraday alizaliwa Uingereza mwaka 1791, mtoto wa mhunzi, wala hakupata kusoma katika chuo kikuu. Alipokuwa mwanagenzi wa mfunga vitabu mjini London, alivisoma vitabu alivyopewa kuvifunga. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tikiti za kuhudhuria mihadhara ya mkemia mashuhuri, Humphry Davy, katika Royal Institution, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1799 ili kueneza elimu ya sayansi. Kijana yule aliyaandika aliyoyasikia, akayanakili kwa mwandiko safi, akayafunga kuwa kitabu kwa mikono yake mwenyewe, kisha akampelekea Davy. Mwaka uliofuata alipata kazi ya kumsaidia Davy katika maabara. Mwaka 1831 ndiye aliyegundua jinsi sumaku inavyoweza kuzalisha umeme katika waya, na juu ya ugunduzi huo ndipo ilipojengwa mitambo inayofua umeme kwa maji ya Mto Tana hivi leo. Laiti mlango wa ukumbi ule ungalikuwa umefungwa kwa watu wasio na cheti, Faraday angaliendelea kufunga vitabu.

Deni hilo alililipa. Tangu mwaka 1825 taasisi ile imekuwa ikitoa mihadhara kwa vijana wakati wa Krismasi, isipokuwa katika baadhi ya miaka ya vita, na Faraday aliishika kazi hiyo mara 19. Mihadhara ya mshumaa aliitoa mwaka 1848, akairudia katika majira ya baridi ya 1860 na 1861, alipokuwa anakaribia umri wa miaka 70. Maneno yake yaliandikwa papo hapo kwa hati mkato, na William Crookes akayatengeneza yakawa kitabu mwaka 1861.

Tazama jinsi alivyoanza. Hakuanza na majina magumu ya kemia. Aliweka mezani mishumaa ya namna nyingi, na mmoja wao ulitolewa katika mabaki ya Royal George, merikebu ya vita iliyozama mwaka 1782. Mshumaa huo ulikuwa umekaa katika maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka 50, na ulipowashwa uliwaka. Baada ya hapo akawauliza vijana mambo ambayo kila mtu ameyaona na hakuna aliyeyafikiri. Kwa nini nta iliyoyeyuka hukaa katika kikombe kidogo chini ya mwali, wala haimwagiki? Ni kwa kuwa hewa baridi hupanda pande zote za mshumaa na kuupoza ukingo, na ukingo hubaki mgumu. Nta hiyo hupandaje hadi kwenye moto? Hupanda ndani ya utambi kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa kandili.

Kisha akaonyesha kwamba kinachowaka si nta iliyo ngumu wala iliyo maji, ila ni mvuke wake. Aliuzima mshumaa, na moshi mweupe ulipokuwa ukipanda, alipitisha moto ndani ya moshi ule, mbali kidogo na utambi. Mwali ukateremka katika moshi na kuuwasha mshumaa tena. Halafu akatia mrija wa kioo katikati ya mwali, akauongoza mvuke nje, akauwasha kwenye ncha ya pili ya mrija. Akaonyesha masizi, nayo ni kaboni inayong'aa ndani ya mwali na kutupa nuru. Akaweka juu ya moto chombo chenye barafu, na tone la maji likajitokeza chini yake. Vijana wakaona kwamba moto wenyewe huzaa maji. Katika mhadhara wa sita aliwafikisha kwenye jambo kubwa: kwamba pumzi ya mwanadamu na kuwaka kwa mshumaa ni kazi za jamaa moja. Sote wawili, sisi na mshumaa, huchukua oksijeni ya hewa na kurudisha gesi ya kaboni.

Nguvu ya mihadhara hii i katika mpango wake. Kila neno lina tendo nyuma yake, na kila tendo linazaa swali linaloongoza kwenye tendo la pili. Faraday alikuwa mwanasayansi mwenye sifa kubwa, na vijana wale wangaliamini lolote ambalo angalisema. Lakini hakuitumia sifa yake. Jaribio la kuuwasha mshumaa kwa njia ya moshi wake laweza kufanywa jioni ya leo katika maabara ya shule yoyote ya Kenya, mwalimu akiwapo. Ikiwa mwali hauteremki, mwanafunzi yeyote ana haki ya kusema kwamba Faraday alikosea. Haki hiyo ndiyo niitafutayo katika mhadhara.

Yafaa tukiri, hata hivyo, kwamba Faraday alikuwa na bahati ya kuchagua jambo linaloweza kuwekwa mezani. Umaskini hauwekwi mezani, wala ukoloni, wala maana ya shairi. Mtu anayechunguza mambo hayo atawaonyesha nini wasikilizaji wake? Swali hili latuleta kwa msemaji wa pili.

Tarehe 7 Mei 1959, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, C. P. Snow alitoa mhadhara juu ya kile alichokiita tamaduni mbili. Snow alikuwa amefunzwa sayansi katika chuo hicho hicho, kisha akawa mtunga riwaya, basi alikuwa na marafiki pande zote. Shauri lake lilikuwa kwamba wasomi wa nchi za Magharibi wamegawanyika makundi mawili, watu wa fasihi na watu wa sayansi, na kwamba makundi hayo hayasikilizani tena. Mfano wake mashuhuri ni huu: aliwahi kuwauliza watu wa fasihi kama wanaweza kuieleza kanuni ya pili ya thamodinamiki. Kwa maneno mepesi, kanuni hiyo yasema kwamba joto halihami lenyewe kutoka kitu baridi kwenda kitu cha moto. Uji ulioachwa mezani hupoa, wala haujichemshi tena kwa kuvuta joto la chumba. Jibu la watu wale lilikuwa baridi na la kukana, na Snow akasema kwamba swali lake lililingana na kumwuliza mtu kama amesoma kazi yoyote ya Shakespeare.

Mhadhara huu ulisomwa na kujadiliwa mbali sana na Cambridge, na sababu yake ni rahisi kuiona. Snow alilipa jina jambo ambalo watu wengi walilihisi bila kulitaja. Katika shule zetu pia, mwanafunzi aliyechagua fizikia hujivunia kutojua ushairi, na mwenye kupenda ushairi husema kwa majivuno kwamba hesabu zilimshinda. Ujinga unaofanywa pambo ni ujinga mbaya zaidi, na Snow alitenda jema kuufichua.

Lakini tuutie mhadhara wake katika mizani yetu. Ushahidi wake ulikuwa nini? Ulikuwa mazungumzo na watu aliokutana nao katika karamu na mikutano. Mkasa mmoja wa karamuni ulibebeshwa mzigo wa ustaarabu mzima. Wako wapi wanahistoria, wanasheria, na wachumi, ambao si wa kundi hili wala lile? Msikilizaji hakupewa njia ya kujua kama mpasuko ule ni mkubwa kadiri ya Snow, au ni mkubwa katika baraza za marafiki zake tu. Jina zuri likipatikana, watu husahau kuuliza kama kitu chenyewe kipo kwa kipimo kile kile.

Sehemu ya mwisho ya mhadhara ilihusu mataifa tajiri na mataifa maskini, na hiyo ndiyo itupasayo sisi kuitazama kwa makini. Snow alisema kwamba maskini wameshaiona tofauti hiyo, na kwamba haitadumu hadi mwaka 2000. Sayansi na viwanda vitaiondoa, wataalamu wakipelekwa kwa wingi katika nchi za Asia na Afrika. Mwaka 2000 ulifika na kupita, na tofauti ile ingalipo. Simlaumu kwa kukosea juu ya wakati ujao, maana hakuna mwanadamu anayeujua. Namsifu kwamba alitaja mwaka, kwa kuwa aliyetaja mwaka amekubali kupimwa. Lawama yangu ni nyingine. Katika mhadhara ule, mtu wa Afrika ni mtu wa kupelekewa. Hana neno la kusema juu ya haja zake, wala hakuulizwa.

Miaka mitatu baadaye, mwezi Februari 1962, mhakiki F. R. Leavis alimjibu Snow katika mhadhara uliotolewa Downing, kimojawapo cha vyuo vya Cambridge. Leavis alikuwa na swali zito: je, maisha ya mwanadamu yametimia pindi apatapo chakula na vyombo vya kisasa, au kuna maana nyingine ambayo lugha na fasihi huilinda? Swali hilo lingeweza kuwafundisha wote waliohudhuria. Kwa bahati mbaya lilizama katika dharau, kwa kuwa Leavis alitumia sehemu kubwa ya saa yake kumtweza Snow, akisema kwamba mtu huyo hata riwaya hajui kuandika. Watu wakagombana juu ya adabu ya Leavis, na swali lake likaachwa njiani. Hapa pana somo kwa kila mwanafunzi anayeshiriki midahalo ya shule: matusi huwafurahisha walio upande wako, na huwapa walio upande wa pili sababu ya kutokusikiliza.

Sasa tuje kwa msemaji wa tatu, naye ni mwana wa Mombasa. Ali Mazrui alizaliwa mwaka 1933. Alifundisha elimu ya siasa Makerere, Uganda, tangu mwaka 1963 kwa muda wa miaka kumi, na huko alijulikana kwa mijadala ya wazi. Mwaka 1970 alibishana mbele ya umma na mwanahistoria Walter Rodney, na waliohudhuria wakasikia pande zote mbili siku moja. Baadaye alikwenda kufundisha Marekani. Mwaka 1979 redio ya BBC ilimwalika atoe mihadhara ya Reith, ambayo ilianzishwa mwaka 1948 na mwanafalsafa Bertrand Russell akiwa msemaji wa kwanza. Mazrui alitoa mihadhara sita juu ya hali ya Afrika, na kitabu chake kikatoka mwaka 1980. Miaka 20 baada ya Snow, mtu wa kupelekewa alikuwa ameshika kipaza sauti.

Mazrui aliijenga mihadhara yake juu ya kweli kinzani sita, yaani kauli ambazo nusu yake moja yaonekana kuipinga ya pili, na bado zote mbili zadaiwa kuwa kweli. Afrika ndiyo makao ya kwanza ya mwanadamu, lakini ni ya mwisho kufanywa makao ya kufaa. Waafrika si watu walioteswa kuliko wote duniani, lakini ndio waliodhalilishwa kuliko wote. Bara hili si dogo kuliko mabara yote, lakini limekatwa vipande vingi kuliko yote. Lina mali nyingi ardhini, na watu wake ni maskini. Liko katikati ya ramani ya dunia, na liko pembezoni mwa mamlaka ya dunia. Utamaduni wake uko mbali na ule wa Magharibi, na bado lauiga kwa haraka sana.

Sikio la Mswahili hupendezwa na maneno ya namna hii, maana sisi ni watu wa vitendawili. Kitendawili hukamata akili. Hakimwachi msikilizaji alale. Kwa hiyo Mazrui alichagua chombo kizuri, na alikitumia kwa ustadi. Lakini chombo kizuri kina hatari yake, na hatari hiyo yaonekana tukiitenga kila kauli nusu mbili na kuipima kila nusu peke yake.

Chukua kauli ya kwanza. Kwamba Afrika ni makao ya kwanza ya mwanadamu, hilo lina ushahidi wa mifupa na zana za mawe. Yaliyofukuliwa Olduvai na kando ya Ziwa Turkana yapo, na mtu yeyote aweza kwenda kwenye majumba ya makumbusho akayaona. Kwamba ni ya mwisho kufanywa makao ya kufaa, hiyo ni hukumu. Yafaa kwa nani? Kwa kipimo gani? Mfugaji aliyeijua nchi yake kwa karne nyingi huenda akasema kwamba ilimfaa hadi ilipoanza kukatwa mipaka. Nusu ya kwanza ni tunda la uchunguzi, na nusu ya pili ni maoni. Lakini kwa kuwa zimefungwa pamoja kwa kamba tamu ya maneno, ya pili huazima heshima ya ya kwanza. Kauli juu ya vipande vya bara ni imara zaidi, kwa kuwa nchi zaweza kuhesabiwa, na hakuna bara lenye nchi nyingi kuliko Afrika. Kauli juu ya udhalilifu haiwezi kuhesabiwa hata kidogo. Huenda ni kweli, nayo yagusa moyo. Ila msikilizaji aliyeikubali ameikubali kwa moyo, na yampasa ajue hivyo.

Mahali Mazrui alipopata sifa kubwa kwa kipimo chetu ni mahali pale pale alipowaudhi wasikilizaji wengi. Katika mhadhara wa mwisho alishauri kwamba Afrika nayo ipate silaha za nyuklia. Sababu yake aliitoa hatua kwa hatua: mataifa makubwa hayaogopi silaha hizo maadamu zimo mikononi mwao wenyewe, zikifika mikononi mwa wale wanaowadharau, wataogopa, na wakiogopa, watakubali kuziondoa zote. Msikilizaji aliona kila daraja ya ngazi hiyo na aliweza kusema ni ipi iliyovunjika. Historia ikafuata njia nyingine. Mwaka 1993 Afrika ya Kusini ilitangaza kwamba ilikuwa imetengeneza mabomu sita ya namna hiyo na kuyavunja, na mwaka 1996 nchi za Afrika zilitia sahihi Mkataba wa Pelindaba unaolifanya bara hili kuwa lisilo na silaha za nyuklia. Mkataba huo ukapata nguvu ya sheria mwaka 2009. Mataifa makubwa yangali na silaha zao. Kwa hiyo aliyempinga Mazrui ana hoja, na aliyemwunga mkono naye ana hoja, na wote wawili wameipata katika mhadhara ule ule. Hiyo ni heshima kwa msikilizaji.

Basi tumeona kwamba hata mambo yasiyowekwa mezani yana njia yake ya kupimwa. Mwanasayansi huonyesha jaribio. Mwanahistoria hutaja hati na shahidi, na kueleza kwa nini amemwamini huyu na kumkataa yule. Mhakiki wa fasihi huusoma ubeti kwa sauti, akakuachia useme kama umesikia alichosikia. Mtu wa siasa huzianika sababu zake moja moja. Njia zao ni mbalimbali, lakini adabu yao ni moja: kila mmoja humwachia msikilizaji nafasi ya kusema hapana.

Limebaki jambo moja, nalo ni lugha. Msikilizaji hawezi kupima asichokifahamu. Faraday aliwaambia watoto wa London habari za mshumaa kwa lugha waliyoisema nyumbani. Mazrui aliieleza Afrika kwa Kiingereza, na hapana wa kumlaumu, kwa sababu aliitwa aseme na dunia. Lakini ukumbuke kwamba baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na kufariki mwaka 1947, alianzisha Mombasa magazeti ya Kiswahili, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Alikuwa msomi wa Kiarabu, na angeweza kuandikiana na wanavyuoni wenziwe tu. Akachagua kuwaandikia wenyeji wa mji kwa lugha yao. Baba alisema na mtaa, mwana alisema na ulimwengu. Kazi zote mbili zilihitajika, lakini ile ya baba haina warithi wa kutosha katika vyuo vikuu vyetu. Mihadhara mingi ya hadhara hutolewa kwa Kiingereza, na mvuvi wa Mji wa Kale akiingia ukumbini atatoka kama alivyoingia, ijapokuwa mhadhara wenyewe ulihusu samaki.

Husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Msomaji na ayapime madai hayo kwa ushahidi alio nao mkononi: amesoma katika insha hii habari ya kikombe cha nta, mvuke, kaboni na pumzi, na kanuni ya pili ya thamodinamiki amepewa kwa mfano wa uji. Kama hakufahamu, lawama ni ya mwandishi. Lugha haina kosa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Tena kusema kwa lugha ya nyumbani humfaa msemaji mwenyewe. Mtu akitakiwa amweleze mama yake kazi aliyoifanya kwa miaka kumi, bila kujificha nyuma ya istilahi, hutambua upesi ni wapi alipojua hasa na ni wapi alipokuwa akirudia maneno ya wengine.

Kijana msomaji, siku moja mwanachuoni atakuja kuzungumza shuleni kwako au katika ukumbi wa mji wako. Nenda ukamsikilize, hata kama fani yake si yako; mpenda ushairi na asikilize habari za viini vya maradhi, na mpenda hesabu asikilize habari za tenzi. Mpe heshima yake yote, usimkatize, wala usicheke Kiswahili chake kikimpiga chenga. Lakini chukua daftari, kama yule mwanagenzi wa mfunga vitabu. Upande mmoja wa ukurasa andika aliyoyasema, na upande wa pili andika jinsi alivyoyajua. Wakati wa maswali ukifika, utazame upande ule wa pili. Ukiona pana mahali patupu, simama kwa adabu umwulize.